Mstari wa Saba

Tarehe 6 Machi

Kwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Tuko hai, tunakula, na cherehani yangu bado inamkera yule jirani wa ukuta mmoja. Shemeji yako amepewa zamu za mchana kiwandani, kwa hiyo siku hizi namwona mume wangu kwenye mwanga, na nimegundua ameota mvi. Watoto wamefaulu wote wawili, ila mkubwa amefaulu kwa kuchungulia. Mimi ni mama yake, namjua. Nimepata kazi ya sare za shule mia na ishirini, na vidole vimekufa ganzi kwa kukata kola.

Sasa ya Mama. Kile kidole kidogo cha mguu wa kushoto nilichokuandikia kimekuwa cheusi. Daktari wa mishipa anasema kisukari kimeziba mishipa juu ya goti, damu haishuki. Anaweza kuizibua kwa upasuaji na mguu ukapona, lakini zisipite wiki nane. Baada ya hapo, alisema, atakayeitwa si yeye tena, ni mwenye msumeno.

Kukata kwa dharura hakungoji bima, ila kwa kuzibua hospitali haishiki kisu mpaka bima ya kazini kwako itoe kibali. Bima nayo haitoi kibali mpaka ipate fomu ya ridhaa, yaani Mama aruhusu habari za ugonjwa wake zitolewe. Fomu nimeiweka humu. Wewe ndiye mwanachama, kwa hiyo tia sahihi chini ya dole lake uikabidhi ofisini kwenu.

Unajua ada yake. Haweki dole kwenye karatasi yoyote mpaka isomwe yote kwa sauti, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo aliyeyaandika mwenyewe hajayasoma. Nimesoma mara tatu. Mara ya pili alinisimamisha kwenye mstari wa saba. Wa sita unataja hospitali anayotibiwa sasa, huo tumeujaza. Wa saba unauliza hospitali nyingine zote alizowahi kulazwa, na mwaka. Alisema, "Huo uache mtupu." Karani wa hospitali amesema si lazima ujazwe. Kwa hiyo nakuambia kama mkubwa wako: mstari wa saba umeachwa mtupu kwa makusudi. Usiuguse, na usiniulize kwa nini.

Barua hii anaibeba dereva wa lori la saruji, maana simu ya kambini kwenu inakata kabla mtu hajamaliza salamu.

Dada yako.


Tarehe 21 Machi

Dada yangu Fundi,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, japo unaandika kama mtu anayekimbizwa. Mpe shemeji pole ya mvi. Mwambie mtoto kuchungulia nako ni elimu, mradi amchungulie anayejua.

Huku tuko kilomita ya themanini na mbili ya barabara isiyo na mwisho. Stoo imejaa nati, mabati na saruji, na ufunguo ninao mimi, kwa hiyo asubuhi nina marafiki wengi na jioni nina maadui wengi. Mwezi uliopita mwenzangu wa stoo ya pili alifukuzwa kazi. Aliacha mstari mmoja mtupu kwenye hati ya kupokea mizigo, na mtu akaandika humo mifuko arobaini ya saruji ambayo hakuna jicho lililoiona. Mkuu wa kambi hakumpa hata siku ya kufunga mabegi. Kwetu sisi mstari mtupu ni mlango uliosahauliwa kufungwa. Mimi hata karatasi ya kuombea likizo naijaza mpaka pembeni.

Kovu langu la mgongoni linawasha kwa jua la huku. Kila likiwasha nakukumbuka wewe, mwunguzaji wangu. Wenzangu wakiliona tukioga huuliza, nami huwaambia dada yangu alikuwa na miaka minane, alipoona nimezaliwa akasema huyu atanipunguzia nyama, akanimwagia beseni la maji ya moto. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Usinune, nakutania. Miaka thelathini na minne nakusamehe kila mwaka mara moja, na mwaka huu nimeshakusamehe mapema.

Fomu nimemkabidhi mwenyewe afisa wa bima, yule mama mpole wa miwani anayekuja kambini mara mbili kwa mwezi. Imekamilika kila mahali. Ameisifu, akasema angekuwa na wanachama kumi kama mimi angelala mapema. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi wowote.

Mdogo wako, Kitinda.


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima, ila shemeji yako amejigonga goti kwenye mashine na anatembea kama bata, akilalamika kama mwenye mimba. Sare nimemaliza themanini.

Mama amelazwa tangu juma lililopita. Kidole kimekatwa, na cha jirani yake kimeanza kubadilika rangi. Yuko wodi ya vidonda, vitanda sita, cha kwake karibu na dirisha lenye komeo bovu, kwa hiyo nimelifunga kwa kipande cha lastiki. Kitanda cha pili yuko mama mmoja ambaye mdomo wake hauna mfuniko. Kabla ya saa sita mchana ameshajua magonjwa ya wodi nzima na ameshayapeleka wodi ya pili.

Wiki tano zimekwisha. Zimebaki tatu. Kila asubuhi daktari anapita, anabonyeza wayo, anauliza, "Kibali?" Namjibu bado. Anaandika kitu, anakwenda. Juzi nilimfuata mpaka mlangoni nikamwuliza kama hawezi kuanza halafu karatasi zifuate. Hakunijibu vibaya. Alisema hata nyuzi za kushonea hapewi mpaka kibali kisainiwe.

Mama haulizi habari ya mguu. Anauliza habari ya fomu. Kila lori likifika ananiuliza kama umesema chochote kuhusu fomu, nami namwambia umesema imekamilika. Jana akaniuliza, "Imekamilika maana yake nini?" Nami nimekuwa nikijiuliza hilohilo tangu nilipolisoma neno hilo. Kitinda, mstari wa saba uliuacha mtupu? Nijibu hilo tu, hata kama huna nafasi ya salamu.

Dada yako.


Tarehe 24 Aprili

Dada Fundi,

Pole na mguu wa Mama, na goti la shemeji. Nyumba yetu imekuwa ya miguu.

Samahani nimechelewa. Lori lililopita liliondoka kabla ya zamu yake, na mimi nilikuwa nahesabu nondo. Mvua imekata kipande cha barabara, tunajenga upya tulichokijenga. Chakula ni kilekile. Mzee mmoja hapa amebuni mchezo wa kubahatisha siku ambayo mpishi ataweka chumvi, na mpaka sasa hakuna mshindi.

Kuhusu bima, mama wa miwani anasema kampuni imeomba muda kidogo wa kupitia kumbukumbu. Ni utaratibu wao tu. Mambo ya ofisi niachie mimi, wewe mwangalie mgonjwa.

Kuna jambo dogo. Mwaka ule nilipoungua, tulipokaa hospitali ya kilimani miezi mitatu, Mama si alikuwa analala pale kuniuguza? Ndivyo Baba alivyonisimulia mpaka anakufa, kwamba Mama alilala sakafuni chini ya kitanda changu siku tisini. Nauliza tu. Kuuliza si ujinga.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Mei

Kitinda,

Watoto wazima. Shemeji yako mzima. Salamu zimeishia hapo.

Jumanne barua ya bima imeletwa wodini, imeandikwa jina la Mama, na nakala yako nadhani unayo. Nilikuwa namlisha. Muuguzi alikuwa anafungua kidonda. Nikasema nitaisoma baadaye, Mama akasema, "Karatasi yenye jina langu inasomwa sasa, na inasomwa yote." Nikamwomba tusubiri muuguzi amalize. Akakisukuma kijiko pembeni. Basi nikasoma. Nilianza kwa sauti ya kawaida, na nilipoona maneno yanakoelekea nilikuwa nimeshachelewa, maana nikinyamaza angejua kuna kitu, na nikiruka angejua nimeruka. Mwanamke huyu hajui kusoma, lakini anajua urefu wa karatasi.

Barua inasema kwamba hospitali ya kilimani, iliyotajwa kwenye mstari wa saba, imetoa kumbukumbu zake. Kwamba Mama alilazwa huko miezi mitatu, wodi ya wagonjwa wa akili, baada ya kumjeruhi mtoto wake mchanga kwa maji ya moto. Kwamba wewe ulipomwandikisha Mama kwenye bima uliulizwa kama amewahi kuugua akili, ukajibu hapana. Kwa hiyo maelezo ya kujiunga si ya kweli, kibali kimesitishwa, na uchunguzi utachukua siku sitini.

Kichwa cha miaka thelathini na minne iliyopita kimezuia mguu wa leo. Hata mama wa kitanda cha pili alikuwa kimya, lakini kimya chake nakijua, ni cha mtu anayepanga maneno. Mama aliuliza kitu kimoja, "Na Kitinda amejua?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani.

Wameambatisha nakala ya fomu. Mstari wa saba una herufi kubwa zilizonyooka, kama unazoandika juu ya makasha: HOSPITALI YA KILIMANI, MIEZI MITATU, KUUGUZA MTOTO. Ukapiga na mstari chini, isiongezwe kitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbiwa tangu wadogo. Wewe hukusikia la mkubwa wako, na guu linalovunjika ni la mwingine.

Sasa sikiliza, maana haya sijawahi kuyasema kwa mtu, hata kwa mume wangu. Mimi sikukuunguza. Ulikuwa na wiki tano. Mama alikuwa halali, haoni tofauti ya mchana na usiku, anaongea na mlango. Hakuna aliyejua kwamba kuzaa kunaweza kumfanya mtu hivyo. Siku hiyo alisema mtoto ana baridi. Alisema hivyo tangu asubuhi, mtoto ana baridi, mtoto ana baridi. Akaepua maji motoni, akayamimina kwenye beseni, akakuogesha. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilipiga kelele, na kelele zangu ndizo zilizomwamsha. Ni yeye aliyekutoa majini, mikono yake ikaungua mpaka kwenye viwiko. Hujawahi kujiuliza kwa nini Mama havai mikono mifupi?

Baba alinikalisha akaniambia watu wakiuliza niseme ni mimi niliyemwaga beseni. Alisema mtoto atasemwa mwaka mmoja, mama atasemwa maisha, na anaweza hata kunyang'anywa mtoto. Nilikubali. Shangazi zetu hawakuniruhusu kupakata mtoto wa mtu yeyote mpaka nilipozaa wangu. Na wewe umenitania tangu ulipojua kuongea, nami nikacheka, kwa sababu kila ukinitania nilijua hujui.

Huko kilimani walikuwa wanamshika dole wanaligandamiza kwenye karatasi asizozijua. Ada yake ilianzia hapo, wala si kwenye kudhulumiwa kiwanja kama tulivyoambiwa.

Afisa ustawi wa hospitali ameniambia njia ipo, moja tu. Habari zilizotolewa bila ruhusa ya mgonjwa haziwezi kutumika dhidi yake. Mtu aliyejaza mstari wa saba aende kwa bima aandike kwamba ameujaza mwenyewe, baada ya dole kuwekwa, na mgonjwa hakuujua. Wakishaandikiwa, wanalazimika kuziweka pembeni kumbukumbu za kilimani na kuuangalia mguu peke yake.

Wiki nane zimeshapita, lakini daktari anasema bado anasikia mapigo madogo kwenye kifundo. Nenda leo.

Dada yako.


Tarehe 22 Mei

Lori limekuja. Limeleta barua ya mtu mwingine na saruji iliyokataliwa.

Mapigo kwenye kifundo hayasikiki tena. Weusi umefika nusu ya wayo. Daktari wa mishipa hapiti tena, anapita yule mwenye msumeno. Ameleta karatasi ya kukata chini ya goti. Mama ameisikiliza yote, akarudisha mkono wake ndani ya shuka. Amesema ameshawapa wino wa kutosha.

Mama hali chakula sawasawa. Mama wa kitanda cha pili ameruhusiwa kwenda nyumbani, na habari zetu ameondoka nazo. Jana jirani wa ukuta mmoja, ambaye hajawahi kunisalimia, amenipa pole.

Kitinda, najua unachokiogopa. Andika.


Tarehe 5 Juni

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto. Sijui niwasalimu kwa uso gani, lakini nawasalimu.

Barua yako ya tarehe 8 niliipata tarehe 11. Nilikaa nayo siku kumi na tisa. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, na karatasi zilikuwepo. Nilikuwa naogopa. Kubadilisha hati baada ya mtu kutia sahihi, huku, ni kosa lisilo na onyo la kwanza. Nilijiambia nikifukuzwa bima yenyewe itakufa, na Mama atabaki bila kitu, kwa hiyo kunyamaza kwangu ni kwa faida yake. Nililitengeneza jambo hilo likawa zuri kabisa, dada. Kila jioni nililiamini na kila asubuhi lilikuwa limeoza.

Na fomu niliijaza hivi. Nilikuwa kwenye meza ya stoo, mama wa miwani anasubiri mlangoni. Nikaona pengo. Nikasema moyoni, Dada ni fundi, anajua nguo, hajui karatasi. Wakiona pengo watairudisha, na lori husubiriwa wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi. Nikakumbuka kilimani. Nikaona ni habari nzuri, mama aliyelala sakafuni siku tisini kwa ajili ya mtoto, nani atamnyima mguu mama kama huyo? Niliandika kwa kujivunia. Uliponiuliza kama niliuacha mtupu nilikuwa nimeshaambiwa na mama wa miwani kwamba kuna kitu kimeonekana, nami nikakujibu habari za chumvi.

Tarehe 30 nilikwenda. Nilimweleza mbele ya mkuu wa kambi, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Mama wa miwani aliandika kila neno, nikatia sahihi. Alipomaliza akasema, "Lakini mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamwambia Mama hakuficha maradhi, alinificha mimi. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Amesema jibu litatoka ndani ya siku kumi na nne. Mkuu amechukua ufunguo wa stoo. Nimezuiwa kutoka kambini mpaka kikao chao kiishe.

Dada, nimekutania miaka yote hiyo mbele za watu. Kwenye harusi yako nilisimama na glasi nikasema mchukueni lakini msimpe beseni. Ukumbi mzima ulicheka na wewe ukacheka. Nikikumbuka kicheko chako kile natamani ardhi inimeze. Nisamehe, mara moja tu, usinihesabie mwaka kwa mwaka kama nilivyokuhesabia.

Nimeweka humu karatasi ya Mama. Msomee yote.

Mdogo wako.


Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Mwambie Dada asiruke hata neno.

Mimi ndiye niliyeandika mstari wa saba. Wewe hukuruhusu, Dada alinikataza, nikaandika. Niliingia chumbani kwako bila kubisha hodi, na nikawaachia mlango wazi watu nisiowajua. Nisamehe.

Habari ya maji nimeijua. Nimejua pia kwamba siku hiyo ulikuwa unasema mtoto ana baridi. Mama, anayetaka kumdhuru mtoto hamtafutii joto. Na nimejua ni mikono ya nani iliyonitoa. Miaka yote mlinificha ili nisikuogope. Sasa najua, na sikuogopi. Kovu haliniumi, linawasha tu wakati wa jua kali, na hapo hunikumbusha nyumbani.

Kuna karatasi ya daktari kuhusu goti. Naomba uisikilize tena. Nakutaka hata kwa mguu mmoja.

Mwanao.

Maandishi madogo ya chini: hakuna masharti mengine.


Tarehe 21 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Habari kubwa umeshaipata kwa simu ya mkuu wa kambi, kwa hiyo siirudii. Najua pia kwamba hawakukuruhusu kuja. Naandika yale ambayo simu haikuyabeba. Shemeji yako na watoto wanakusalimu. Tumelala, tumeamka, tumekula kidogo.

Lori lilifika Alhamisi tarehe 11. Nilikwenda wodini moja kwa moja, nikiwa na sentimita yangu shingoni, maana nilikuwa nampima mteja. Mama alikuwa na homa ya siku tatu. Sumu ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu, lakini akili yake ilikuwa timamu, nataka ulijue hilo. Nilimwambia ni karatasi yako. Akaomba aketishwe. Akasema, "Yote."

Nikasoma yote. Nilipofika kwenye habari ya joto alininyanyulia mkono nirudie, nikarudia. Akataka tena, nikarudia mara ya tatu. Nilipofika maandishi madogo ya chini alicheka. Nakuambia alicheka, Kitinda, kicheko chembamba cha mtu aliyechoka, lakini ni chake kilekile. Kisha akapandisha mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, mchana kweupe, muuguzi akiwa pale, akaiacha hivyo.

Akaomba wino. Muuguzi akaleta. Nikadhani anataka karatasi ya daktari, nikaitafuta. Akasema hapana, kwanza ile ya Kitinda. Akaweka dole chini kabisa ya barua yako, akaligandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe. Akasema, "Mrudishie. Nimesikia yote, nimekubali."

Ndipo akataka ile ya goti. Wino ulikuwa bado mbichi kwenye dole, hatukuhitaji kuchovya tena.

Walimkata Ijumaa asubuhi. Aliamka, akaniuliza kama sare zimekwisha, nikamwambia zimekwisha. Jumapili kabla ya saa nne asubuhi moyo ulisimama. Daktari alisema tungemleta kwenye kisu wiki tatu kabla, labda. Sikumwambia wiki hizo tatu zilikuwa wapi. Nakuambia wewe, kwa sababu unazijua, na kwa sababu sitaki tena kukaa na jambo ambalo mwingine hajui. Nimekukasirikia, na bado nina hasira. Nilikuwa na hasira hata nilipokuwa namwosha, nikaona ile mikono. Itaisha, sijui lini.

Bima wamejibu. Barua ililetwa Jumatano, siku tatu baada ya kumzika. Kumbukumbu za kilimani zimeondolewa, kibali cha kuzibua mishipa ya mguu wa kushoto kimetolewa. Ina jina lake, kwa hiyo niliingia chumbani kwake, nikakaa kwenye kitanda, nikaisoma yote kwa sauti, mpaka maandishi madogo. Shemeji yako alisimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Ule utani wako wa mwunguzaji usiuache ghafla. Ni mzigo nimeubeba tangu nina miaka minane, nikiutua wote mara moja nitaanguka. Ukija nyumbani nitanie kidogo, mbele ya shangazi, nione watafanya nini na nyuso zao.

Barua yako nakurudishia, kama alivyoagiza. Utaona kati ya maneno yako na dole lake kuna nafasi tupu, upana wa vidole vinne. Muuguzi alitaka kuandika hapo tarehe na jina la mgonjwa, kama wanavyofanya kwenye karatasi zao. Mama alimzuia mkono. Akasema nikuambie pasiandikwe kitu.

Dada yako.